Mtoto wa Miaka Mitano ni Deni la Nani?

Wahenga wetu walituachia methali nyingi juu ya malezi, na katika hizo mbili hukaririwa kuliko nyingine: "Samaki mkunje angali mbichi" na "Udongo uwahi ungali maji." Sisi walimu wa lugha tumezifundisha methali hizi mwaka hadi mwaka. Tumewatungisha wanafunzi insha juu yake, tumewataka watoe kisa cha kuthibitisha maana yake, na tumewapa alama. Lakini ni mara chache tumejiuliza jambo ambalo methali zenyewe zimelinyamazia. Zimetuambia wakati wa kukunja, hazikutuambia mkunjaji ni nani. Zimetuamuru tuuwahi udongo, hazikusema ni nani atakayewajibika iwapo udongo utakauka hali hakuna aliyeugusa.

Hilo ndilo swali ninalokusudia kulijadili mbele ya walimu wenzangu. Mtoto aliyetimiza miaka mitano, ambaye bado hajafika darasa la kwanza, ni deni la nani? Je, ni la mzazi wake peke yake, au ni la umma mzima? Na kutokana na swali hilo huzaliwa la pili, ambalo kwetu sisi wenye chaki mkononi ni zito zaidi: je, ni haki kumpima mtoto kwa mafunzo ambayo hakuna aliyempa?

Sipendi kulijadili jambo hili hewani, kwa hiyo nitachukua mahali ninapopafahamu. Mutukula ni mji mdogo uliokaa juu ya mpaka wa Uganda na Tanzania. Jina ni moja pande zote mbili. Kaskazini ni Uganda. Kusini ni mkoa wa Kagera. Malori hupita hapo usiku na mchana, na mwaka 2017 kituo cha pamoja cha forodha kilizinduliwa rasmi na marais wa nchi zote mbili. Watu wa huku na wa kule huoana, huzikana, huuziana ndizi na maharage. Kiganda, Kihaya na Kiswahili husikika katika genge moja, pengine katika sentensi moja. Wazee bado wanakumbuka vita vya mwaka 1978 na 1979, lakini vijana hawaujui mpaka ila kama geti, bendera na sare za maaskari. Kwa mtoto wa miaka mitano, hata hivyo, mpaka huo una maana nyingine kabisa.

Upande wa Tanzania, sera ya elimu ya mwaka 1995 iliitambua elimu ya awali kuwa sehemu ya mfumo rasmi, na sera ya mwaka 2014 ikaifanya kuwa sehemu ya elimu ya lazima. Darasa la awali limo ndani ya shule ya msingi ya serikali, linafundishwa kwa Kiswahili, na tangu mwaka 2016 halitozwi ada. Kenya nayo, kwa Katiba ya mwaka 2010, ilizikabidhi serikali za kaunti jukumu la elimu hiyo. Upande wa Uganda njia iliyochukuliwa ni nyingine. Mwaka 1997 serikali ilianzisha elimu ya msingi kwa wote, lakini mlango huo ulifunguliwa kuanzia darasa la kwanza. Sheria ya elimu ya mwaka 2008 iliiacha elimu ya kabla ya hapo mikononi mwa watu na taasisi za binafsi, serikali ikijiwekea kazi ya kutoa vibali, kuandaa mtaala na kusimamia ubora. Tangu hapo sauti zimekuwa zikipazwa kwamba shule za msingi za serikali zifungue madarasa hayo. Basi watoto wawili waliozaliwa wiki moja, nyumba zao zikitenganishwa na mwendo wa dakika chache kwa miguu, mmoja alikuwa na darasa la umma la kumpokea na mwenziwe hakuwa nalo.

Hata majina ya madarasa haya yanafunua fikra za walioyaita. Huko kwa jirani zetu husemwa "chekechea", na watu wa rika la wazazi wangu walisema "shule ya vidudu". Kidudu ni mdudu mdogo, na jina hilo lilikuwa la utani uliojaa mapenzi. Aliyempeleka mwanawe kwenye shule ya vidudu hakutarajia arudi na cheti. Alitarajia acheze, aimbe, anywe uji, ajifunze kungoja zamu yake. Huku kwetu neno lililoshika ni "nasari", na neno hilo limekuja pamoja na ada ya muhula, sare, tai ndogo shingoni, mitihani ya kumaliza muhula, na majoho ya mahafali kwa watoto ambao meno yao ya utotoni bado hayajang'oka. Sisemi kwamba majoho ni dhambi. Nasema tu kwamba kitu kinachouzwa hakina budi kuonyeshwa dukani, na mtoto wa nasari amekuwa ndiye bidhaa inayowekwa mbele ili wazazi wengine wanunue.

Nitasimulia kisa kimoja, na lawama yake naibeba mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, katika shule ambayo sitaitaja, nilipewa kazi ya kuwaandikisha watoto wa darasa la kwanza. Tulikuwa na desturi ya kuwauliza maswali machache kabla ya kuwapokea. Hakuna aliyetuagiza, ilikuwa desturi tu, na desturi za namna hiyo ndizo ngumu kuziondoa. Maswali yalikuwa ya Kiingereza: jina lako nani, una miaka mingapi, hesabu mpaka 20, hii ni rangi gani. Aliletwa mvulana mmoja ambaye mama yake aliwauzia chai na chapati madereva wa malori. Nilimwuliza jina lake. Akanitazama. Nikamwuliza tena, kwa sauti kubwa zaidi, kana kwamba Kiingereza hueleweka kikipigiwa kelele. Akatazama viatu vyangu. Nilimpa penseli aandike chochote. Akaishika kwa ngumi, kama mtu ashikavyo mchi. Pembeni ya jina lake nikaandika neno moja: "mzito". Na shule ilipofunguliwa, wale waliotoka nasari waliketishwa madawati ya mbele, naye akaketishwa nyuma pamoja na wazito wenzake, karibu na dirisha lisilokuwa na kioo.

Wiki chache baadaye nilipita kwenye genge la mama yake kunywa chai. Mvulana alikuwapo. "Shikamoo, mwalimu," aliniambia, akanikaribisha kiti. Nilipomaliza nilitoa noti ya Uganda. Dereva aliyeketi karibu yangu alitoa shilingi za Tanzania. Mama alikuwa akikanda unga, mikono yake imejaa. Mtoto akachukua noti zote mbili, akamrudishia dereva chenji yake, akanirudishia mimi yangu, na hakukosea hata senti. Kwa dereva alisema Kiswahili, kwa mama yake Kiganda. Sikuwa na la kusema. Mama ndiye aliyesema, bila hasira yoyote: "Mwalimu, nasari wanataka ada, na sare, na sabuni, na karatasi. Ng'ambo ni bure, lakini wataniuliza mtoto ni wa wapi. Nami nitajibu nini? Nikaona asubiri tu, darasa la kwanza atafundishwa."

Maneno hayo, "darasa la kwanza atafundishwa", yalinichoma kuliko shutuma yoyote. Yeye alituamini. Alidhani kwamba darasa la kwanza ni mwanzo, na jina lake ndivyo linavyosema: la kwanza. Sisi tulikuwa tumekwisha kuligeuza likawa la tatu, kwa watoto waliotangulia kupita nasari miaka miwili, na yule ajaye mwanzoni tukamwita aliyechelewa.

Ndipo nilipoanza kulitafakari neno "ufaulu". Tunasema mtoto wa chekechea amefaulu tukiwa na maana gani? Ikiwa ufaulu ni kujibu kwa Kiingereza, basi tumepima mfuko wa baba yake. Ikiwa ni kushika penseli, tumepima kama nyumbani kwao kulikuwa na penseli. Mtaala wa darasa la kwanza ulioanza kutumika Uganda mwaka 2007 ulitaka watoto wa madarasa matatu ya mwanzo, hasa wa vijijini, wafundishwe kwa lugha ya mahali pao. Basi swali langu la Kiingereza mlangoni halikuwa hata na msingi katika mtaala niliopaswa kuutumikia. Nilimzuia mtoto kwa kufuli ambalo hakuna serikali iliyoniagiza kulitia.

Watafiti nao wametupa jambo la kuwaza juu ya neno hili. Katika mji wa Ypsilanti, jimbo la Michigan huko Marekani, kati ya mwaka 1962 na 1967, watoto 123 wa familia maskini za Wamarekani weusi waligawanywa katika makundi mawili kwa njia ya bahati nasibu. Watoto 58 walipata shule ya awali, 65 hawakupata. Wakafuatiliwa hadi walipokuwa watu wazima wa miaka 40. Mwanzoni waliosoma waliwapita wenzao katika majaribio ya akili, lakini miaka michache baadaye tofauti hiyo ilififia. Kama watafiti wangeishia hapo, wangesema kwamba fedha zilipotea bure. Walipoendelea kufuatilia waliona kwamba waliopata shule hiyo walimaliza sekondari kwa wingi zaidi, walipata ajira kwa wingi zaidi, na waliokamatwa na polisi miongoni mwao walikuwa wachache zaidi. Faida ilikuwa imejificha mahali ambapo mtihani wa mtoto wa miaka sita haukuweza kuiona. Yatupasa tuwe waangalifu, kwa maana watoto hao walikuwa wachache, kila mwalimu alikuwa na watoto watano au sita tu, na kila wiki mwalimu alimtembelea mzazi nyumbani. Hali hiyo si yetu. Hata hivyo funzo moja linabaki: tukitaka kujua thamani ya chekechea, alama za muhula ni shahidi dhaifu.

Sasa niwasikilize wasiokubaliana nami, kwa maana hoja zao si za kudharauliwa. Wa kwanza husema: mzazi ndiye mwalimu wa kwanza, na serikali maskini haina budi kuanza na yaliyo ya lazima. Mwaka 1996 Uganda ilikuwa na wanafunzi wa shule za msingi wapatao milioni 3; mwaka 1997, ada ilipofutwa, wakazidi milioni 5. Walimu walifundisha chini ya miembe. Katika hali ile, nani angethubutu kudai madarasa ya vidudu? Hoja hii ina uzito, nami nilikuwa mwanafunzi katika miaka ile nikaona kwa macho yangu. Lakini deni ambalo halikulipwa mapema halifutiki. Hulipwa baadaye pamoja na riba. Mzazi asiye na ada humleta mwanawe darasa la kwanza kabla ya umri wake, kwa kuwa huko ni bure, na mtoto hukaa darasa hilo miaka miwili, pengine mitatu. Dawati analolikalia ni la serikali, na mwalimu anayemfundisha hulipwa na serikali. Kwa hiyo umma umekwisha kuwa na chekechea, isipokuwa imefichwa ndani ya darasa la kwanza, haina jina, haina vifaa, na watoto wake huitwa wakariri. Kama gharama tunailipa, ni afadhali tuilipe kwa jina lake.

Wa pili husema: tazameni ng'ambo, darasa la umma lipo, lakini je, linafaa? Kanuni ya Tanzania ni mwalimu mmoja kwa watoto 25 wa awali, na wote tuliopita huko twajua kwamba madarasa mengi huzidi idadi hiyo mara kadhaa. Mtoto aliyebanwa katikati ya wenziwe 100 anajifunza nini zaidi ya kukaa kimya? Hapa nakiri kwamba hoja ni ya kweli. Darasa kuwapo si sawa na darasa kufanya kazi. Yeyote anayedhani kwamba haki imetimia siku ubao ulipoandikwa "Darasa la Awali" anajidanganya. Lakini kuna tofauti ambayo haifai kusahauliwa. Darasa baya la umma lina mtu wa kuulizwa. Mama muuza chai wa ng'ambo anaweza kwenda kwenye mkutano wa kijiji akasimama na kusema, "Watoto wetu wamejazana, tunataka mwalimu wa pili." Huenda asisikilizwe mwaka huu, lakini analo la kudai na anaye wa kumdai. Mwenzake wa huku ataidai nasari kwa haki gani? Mwenye duka hadaiwi na asiyenunua. Umaskini wa huyu mama hauishii kwenye kukosa huduma. Umemnyang'anya hata mahali pa kulalamikia.

Wa tatu husema kwamba iko njia ya kati, yaani jumuiya yenyewe. Nao wana ushahidi mzuri, tena wa hapa hapa kwetu. Mwaka 1986 huko Mombasa ulianza mpango wa chekechea za madrasa, ukiungwa mkono na Wakfu wa Aga Khan, na Bi Swafiya Said akiwa miongoni mwa waasisi wake. Mwaka 1990 ukafika Zanzibar na mwaka 1993 ukafika Uganda. Jumuiya ilitoa chumba na kamati. Akina mama na wasichana wa mahali pale wakafunzwa ualimu. Vifaa vikatengenezwa kwa vifuu vya nazi, vizibo vya chupa na vitambaa. Dini na desturi za watoto zikaheshimiwa. Na lugha ya nyumbani haikuachwa mlangoni. Mpango huo uliwaonyesha wengi kwamba chekechea njema haihitaji bembea za chuma wala vitabu vya ng'ambo. Nauheshimu sana. Wasiwasi wangu ni mmoja tu. Jumuiya yenye wafadhili na viongozi hodari husimama. Ile isiyo nao je? Na hata pale inaposimama, mzigo humwangukia yule mwalimu wa kike ambaye ujira wake hutegemea michango, na michango hutegemea mavuno. Methali husema mkono mmoja haulei mwana. Mara nyingi tumeisema methali hii kwa sauti nzuri, huku mkono mmoja, wa msichana mwenye mshahara haba usio na tarehe, ukilea wana 40.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Mtoto wa miaka mitano ni deni la umma. Mzazi ana sehemu yake, ambayo hakuna awezaye kumwondolea: kumlisha, kumwongoza, kusema naye. Jumuiya nayo ina yake. Lakini haki ya kuanza safari pamoja na wenzake haiwezi kutegemea chapati zilizouzwa wiki hiyo. Serikali ni mkono wa umma, na mkono huo haupaswi kuanza kazi pale ambapo watoto wamekwisha kutengana. Inafaa kila shule ya msingi ya umma iwe na darasa la awali lisilo na ada, lenye mwalimu aliyefunzwa na anayelipwa kama walimu wengine, na lugha yake iwe ile ambayo mtoto anaielewa. Na tukitaka kupima, tulipime darasa: lina watoto wangapi kwa mwalimu mmoja, lina nafasi ya kuchezea, lina uji, lina choo kinachomfaa mtoto mdogo, mwalimu anasema nao au anawakemea tu. Mtoto mwenyewe tumwache bila alama kwa muda kidogo. Miaka ya kupimwa inamngoja, tena ni mingi.

Najua kwamba mimi na wewe, ndugu mwalimu, hatutungi sheria. Lakini yako mambo ambayo hayangoji sheria. Usaili wa mlangoni unaweza kufutwa na mwalimu mkuu kwa neno moja. Madawati ya mbele yanaweza kukaliwa kwa zamu. Muhula wa kwanza wa darasa la kwanza unaweza kuwa chekechea ya wale ambao hawakuipata, kwa nyimbo, hadithi, vitendawili na kuhesabu mawe. Na sisi walimu wa Kiswahili tuna wajibu wa pekee. Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua mwaka 2022 kwamba lugha hii ifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Tulishangilia, na ilitupasa. Lakini tuchunge kisije Kiswahili nacho kikageuzwa kuwa kufuli lingine la mlangoni, mtoto wa bara asiyekijua akaitwa mzito kwa lugha yetu kama wengine walivyoitwa wazito kwa Kiingereza.

Yule mvulana alikariri darasa la kwanza. Mwaka wa pili mwalimu mwingine, bibi mmoja aliyekuwa karibu kustaafu, alimweka mbele na kumpa kazi ya kugawa chaki na kuhesabu madaftari. Sijui kama alifanya hivyo kwa elimu au kwa huruma tu. Ninachojua ni kwamba mtoto alipoteza mwaka mmoja wa maisha yake, na mwaka huo niliuandika mimi, kwa kalamu nyekundu, katika neno moja la herufi tano. Nimelifuta katika daftari, lakini sina namna ya kumrudishia mwaka wake.

Naiweka kalamu chini. Mwenye hoja iliyo bora kuliko hizi na ailete katika kurasa hizi, tusaidiane kufikiri.